Chakula cha Krismasi kwenu kinaliwa saa ngapi? Tupeane uzoefu

Mleta mada (Morogoro)

Wapendwa habari zenu, na wakubwa zangu shikamooni. Naomba kila mmoja aseme ukweli wa nyumbani kwao: chakula kikubwa cha Krismasi kinapakuliwa saa ngapi, na nani anayesema sasa tule?

Nauliza kwa sababu ya mwaka jana. Nimekulia Dar, nyumba ya Waanglikana. Mama yangu alikuwa anaamka saa kumi alfajiri kutwanga tangawizi na vitunguu swaumu, na tukirudi ibadani tunakuta sufuria limepaliwa makaa juu. Saa saba kamili tupo mkekani. Sikuwahi kujua kwamba kuna nyumba inayokula saa nyingine.

Mwaka jana ilikuwa mara yangu ya kwanza kupokea ukoo wa mume wangu. Tulikuwa watu 17. Nikatangaza chakula ni saa saba na nusu. Mama mkwe, ambaye ana kisukari, akachoma insulini yake saa saba kama alivyozoea. Shemeji yangu, kitindamimba wao, alikuwa njiani kutoka Dar na familia yake. Saa saba na nusu akapiga simu, bado wako Mlandizi kwenye foleni. Nikasema tuwasubiri, maana tungekulaje na wao wako barabarani? Saa nane na nusu wakawa Chalinze. Kila nikipita sebuleni namuuliza mama, "Mama, nikuletee hata chai?" Anasema, "Niache mwanangu, nitakula na wenzangu."

Saa tisa kasoro nikamkuta ameshika pindo la kitenge, analikunja na kulikunjua. Viganja vimelowa jasho, na feni inazunguka juu yake. Nilipomwita akaniitikia kwa jina la dada yake ambaye ni marehemu. Mume wangu akampima sukari, mashine ikasoma 2.9. Tukamkorogea maji ya sukari, nikamshikia kikombe mwenyewe, maana mikono yake ilikuwa inatetemeka.

Alirudi katika hali yake, tunamshukuru Mungu. Wageni wakafika saa kumi na moja, pilau imekauka pembeni. Walikula vizuri. Mimi sikuweza hata kuonja.

Mwaka huu wanakuja tena kwangu. Nisaidieni.

Mwana wa Rombo

Pole sana dada. Kwetu huku mlimani Kilimanjaro ukiniuliza saa ya chakula cha Krismasi nitashindwa kukujibu, maana hakuna chakula kimoja. Watu wanaanza kupanda kutoka Dar, Arusha, Mwanza, karibu tarehe 20, na kuanzia siku hiyo jiko halizimwi.

Kwa baba yangu mbuzi anachinjwa tarehe 24 mchana, nyuma ya nyumba kwenye migomba. Kisusio, ile supu ya damu ya mbuzi, kinanywewa jioni ile ile, cha moto, kabla ya kujiandaa kwenda misa ya mkesha. Usiku tunarudi tunalala. Asubuhi ya 25 kuna mtori, supu nzito ya ndizi na nyama. Nyama ya kuchoma inatoka mchana, lakini si kwa saa, inatoka ikiwa tayari, na ikitoka watoto wanaiona kabla ya wageni. Wanaume wanakaa na mbege yao, pombe ya ndizi, kina mama wana sufuria lao la ndizi na nyama, na anayekuja kusalimia saa kumi anakuta sahani na anayekuja saa mbili usiku anakuta sahani.

Ila kuna kitu kimoja bibi yangu hakukubali kibadilike mpaka anaingia kaburini. Mtori wa wazee, wagonjwa na aliyejifungua unapikwa peke yake, mapema, kwa ndizi mshare zilizopondwa mpaka zinakuwa laini kabisa, na unapelekwa pale mtu alipo. Haukai kusubiri baba mkubwa wala padri. Mwaka mmoja mjomba wangu alileta maneno, kwamba kwa nini wengine wanakula kabla ya sala ya chakula. Bibi akamjibu, "Hao nimeshawasalia mimi jikoni."

Dada, pika mtori. Ukiwa na sufuria dogo la mtori tangu saa tano, hiyo foleni ya Chalinze haitakutisha tena.

Binti Likoni

Sisi ni Waislamu, lakini Krismasi ya jirani zetu naijua kama Idi yangu. Mama wa nyumba hiyo anamwita baba yangu kuja kumchinjia mbuzi, ili sahani ikija kwetu tuile bila wasiwasi wowote. Baba anaenda akishasali alfajiri, kisu kimeshanolewa tangu jana yake. Pilau yao inakuwa tayari adhuhuri, na sahani yetu inafika baba akirudi kutoka msikitini, imefunikwa kawa, na kachumbari pembeni. Hata wao wenyewe wanakuwa hawajala. Miaka yote ninayokumbuka, sahani ya kwanza kutoka jikoni kwao ni yetu, na yetu ya Idi ni yao.

Kijana wa Vihiga

Kwetu ni saa tisa, na sababu ni kanisa. Ibada inaanza saa nne, kwaya zote ziimbe, watoto waigize kuzaliwa kwa Yesu, waliotoka Nairobi wasimame wasalimie mmoja mmoja. Huwezi kutoka kabla ya saa nane. Chapati zinapikwa tangu usiku, dada zangu wanapokezana mwiko na jiko, na zinahesabiwa, kila mtoto mbili.

Halafu ni kuku. Kwetu Waluhya firigisi, tunaita imondo, ni ya mwenye boma. Hakuna anayemega ugali kabla ya baba kuwekewa yake. Alikuwa anaichukua, anaiangalia kidogo, anasema "Asanteni," basi tunaanza. Hiyo ndiyo ilikuwa saa yetu.

Baba alifariki Machi. Desemba ile tulikaa mezani, mama akaleta bakuli, na imondo iko juu. Hakuna aliyejua la kufanya. Mimi ni kifungua mimba, nilijua wananiangalia, lakini mkono haukuinuka. Chakula kikapoa. Mwishowe mama akachukua kisu akaikata vipande vinne, akatuwekea kila mtoto wake kipande kimoja, akasema, "Asanteni." Tukala. Nadhani ilikuwa saa kumi na moja hivi, nje watoto wa jirani wakiwa wameshaanza kuzurura na nguo zao mpya.

Sasa hivi anayeichukua ni mimi. Bado natafuta namna ya kusema lile neno kama yeye.

Mleta mada

@Kijana wa Vihiga, pole sana kaka. Nimesoma mara mbili.

Dereva wa masafa

Miaka sita mfululizo Krismasi imenikuta na abiria. Nakula pale basi linaposimama. Nikiwa na bahati ni Singida, kuku wa kienyeji na ugali, saa nane, dakika ishirini. Mke wangu anapika upya tarehe 27 na watoto wanavaa zile zile nguo za sikukuu. Kwao hiyo ndiyo Krismasi, wamezoea.

Muuguzi wa zamu

Naomba nilizungumzie hili la mama kama mtu wa wodini, kwa sababu sikukuu haipiti bila kupokea mzee wa namna hii.

Insulini ya kabla ya chakula inachomwa sahani ikiwa inaonekana. Si chakula kikiwa "karibu kuiva", na si mgeni akiwa "ameshafika Chalinze". Ila ile iliyochanganywa, inayochomwa mara mbili kwa siku, wengi huelekezwa kuichoma nusu saa hivi kabla ya kula. Ukishachoma, dawa haisubiri mtu. Sukari ikishuka chini ya 4 mgonjwa anaanza kutoka jasho, kutetemeka, kuchanganya maneno, au anakuwa mkali bila sababu. Mpe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, siyo ile isiyo na sukari. Pima tena baada ya dakika 15. Ikiwa bado iko chini, rudia. Ikishapanda, mpe chakula hasa, ndizi, mkate, chochote cha wanga, la sivyo itashuka tena. Akiwa amepoteza fahamu usimmiminie kitu mdomoni, mlaze ubavu na mkimbizeni hospitali. Na baada ya tukio kama lile, mwende kliniki yake mkaulize kuhusu dozi za siku za safari na sikukuu. Watawapangia.

Mlifanya vizuri mlipompima. Nyumba nyingi mashine iko kabatini na betri imekufa.

Kuhusu mimi, Krismasi ya mwisho niliyokula na wanangu mchana ilikuwa 2019. Nikiwa zamu ya mchana wananisubiri mpaka saa mbili usiku. Nilishawaambia wasinisubiri. Mdogo wangu wa mwisho anawapa chai na maandazi saa nane, lakini nyama hawagusi, hata yule wa miaka minne. Nikifungua mlango nawakuta wamevaa, wamelala kwenye kochi na viatu vyao.

Mama Lubumbashi

Kwetu Kongo hamtakula Noeli mchana, ni usiku! Tarehe 24 tunaenda misa, tunarudi, meza inatandikwa, na mara nyingi imeshapita saa sita ya usiku. Kuna bukari (ugali), sombe (kisamvu), kuku, samaki, na kwa mwenye uwezo mbuzi. Watoto wadogo wanalala kwanza, tunawaamsha kwa chakula. Wanakula macho yamefumba nusu. Mimi ninapenda saa hiyo kuliko saa zote za mwaka, mtaa mzima una harufu ya makaa na mafuta, na milango iko wazi.

Tarehe 25 yenyewe ni ya kuvaa na kutembea. Ukimkuta mtu anapika mchana, ujue jana hakuwa na kitu, na hapo jirani mwenye akili anapeleka sahani bila kuuliza.

Yuko Muscat

Huku Oman tarehe 25 ni siku ya kazi kama nyingine. Wikiendi ni Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo ibada kubwa tunayoweza kuhudhuria wengi wetu ni Ijumaa, kule Ruwi au Ghala. Ikiangukia katikati ya wiki, mimi na wenzangu wawili, mmoja wa Bungoma na mmoja wa Tanga, tunakutana saa tatu usiku baada ya kazi. Tunapika wali wa nazi na kuku. Yule wa Tanga ndiye anayekuna, alikuja na mbuzi yake ya kukunia nazi kwenye begi, mabibi wa kwao hawakumruhusu asafiri bila hiyo.

Kabla ya kula napiga simu nyumbani Tabora. Huku tumetangulia saa moja, kwa hiyo kwao inakuwa ni saa mbili, wameshakula tangu mchana, wamechoka, mama ananielekezea simu kwenye sufuria niione ilivyobaki. Halafu ananiuliza, "Umekula?" Namwambia ndiyo. Sijamwambia hata mara moja kwamba ndiyo kwanza tunapakua.

Mkwe wa Muleba

Mleta mada, na mimi nimeolewa ugenini, najua unavyojisikia. Mwaka wa kwanza nilipika kwa saa za kwetu nikaona wanakula kwa heshima tu. Wao walikuwa wanamsubiri anayekuja na meli ya usiku kutoka Mwanza. Anatua Bukoba asubuhi, anaoga, anamsalimia mzee, kisha ndizi zinaepuliwa. Yaani hata kama zimeiva saa nne, majani hayafunuliwi mpaka amsalimie mzee. Mimi nilikuwa sijaambiwa. Nilichofanya mwaka uliofuata ni kumuuliza mama mkwe mwenyewe, jikoni, tukichambua senene, tukiwa wawili tu. Alinieleza yote. Umemuuliza wa kwako?

Mleta mada

Sikuwa nimemuuliza. Niliona aibu, na kusema kweli niliogopa kwamba anadhani nilimtesa.

Jana nimempigia. Nimemsalimia, nikamwomba msamaha, nikamweleza kuhusu mtori na kuhusu insulini kuchomwa sahani ikiwa mbele yake. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mwanangu, chai yako niliikataa mwenyewe. Nilitaka nile na huyo aliyekuwa njiani." Kumbe tangu baba mkwe afariki, shemeji yangu hakuwa amekula naye Krismasi hata moja, miaka minne, kila mwaka ana sababu. Mwaka jana ndiyo alisema anakuja. Mama akaona akitia kitu tumboni kabla mwanawe hajafika, atakuwa amekata tamaa naye.

Nimemaliza kuongea na mama, nikampigia shemeji hapo hapo. Sikumlaumu. Nilimwambia tu maneno ya mama kama alivyoyasema. Alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika.

Leo asubuhi amenitumia picha ya tiketi za treni, nne, yeye na mke wake na watoto wawili. Ni za tarehe 24, ya asubuhi. Chakula ni saa saba, na mtori utakuwepo tangu saa tano.