Jibini inaganda mabonge kwenye tambi, halafu hii "q.b." kwenye kitabu cha Kiitaliano ndio nini?

Sufuria_Nyeusi

Wakuu habari zenu, naombeni msaada kabla sijakitupa hiki kitabu dirishani. Nilizawadiwa kitabu cha mapishi ya Kiitaliano, kinono kweli kweli, picha zinatia hamu, tatizo kimeandikwa Kiitaliano kitupu na Kiitaliano changu mimi kinaishia kwenye ciao. Kwa hiyo napiga picha ukurasa, simu inanitafsiria, naingia jikoni. Nimejiwekea kila jumapili resipi moja na mpaka sasa nimepika sita, zilizolika bila watu kunionea huruma ni mbili.

Kilichonileta hasa ni hii cacio e pepe. Ukiisoma ni kitu cha dakika kumi tu, tambi, jibini ya pecorino, pilipili manga, basi. Nimeijaribu mara tatu na mara zote tatu jibini imejikusanya bonge moja limeng'ang'ania mwiko kama bigijii, chini yamebaki maji meupe, tambi zenyewe kavu. Mara ya pili nikajua moto ulikuwa mdogo nikaongeza, ndo ikaharibika zaidi. Mara ya tatu nikamwaga jibini yote kwa mpigo nikakoroga kama nagombana na mtu, wapi.

La pili, kila resipi ina "q.b." Chumvi q.b., mafuta q.b., unga q.b. Simu inaandika "inatosha". Inatosha kiasi gani sasa jamani?

La tatu risotto. Niliosha mchele mpaka maji yakatoka safi, nikafuata kila kitu, ukatoka wali wenye maji. Kwenye picha ule wa kwao umeshikana kama umetiwa krimu.

Na kaswali kadogo, ragù wanasema uweke maziwa kwenye nyama ya kusaga ambayo ina nyanya. Ni kweli au simu imenidanganya? Maana kuna resipi nyingine iliniambia niweke peperoni tatu nikanunua zile soseji za kuweka kwenye piza, nimemaliza kupika naangalia picha naona kabisa ni mboga nyekundu 😩

kijikocha3

Weka krimu mkuu. Vijiko viwili tu na hilo bonge hulioni tena maishani.

MamaWaMwiko

Krimu itakusaidia ndio ila hutajua ulikosea wapi. Mdogo wangu ngoja nikueleze maana hii kitu na mimi ilinitesa sana.

Adui yako ni joto. Pecorino ina protini nyingi, na protini za jibini zikipita kama nyuzi 65 hivi zinaanza kushikana zenyewe kwa zenyewe, zinabana, maji na mafuta yanasukumwa nje, hapo ndo unapata bonge lako upande mmoja na yale maji meupe upande mwingine. Sasa wewe umetoa tambi kwenye maji yanayochemka, karibu nyuzi 100, umeweka kwenye fraipani iliyo juu ya moto halafu ukamwaga jibini. Lazima igande. Na ulipoongeza moto ulikuwa unazima moto kwa petroli.

Kinachoizuia isigande ni wanga. Wanga unajipenyeza kati ya zile protini unaziweka mbali mbali. Ndio maana Waitaliano wanatumia maji yaliyochemshia tambi, ila hapo kuna mtego ambao kitabu hakikuambii: ukichemsha tambi kwenye sufuria kubwa la maji mengi, ule wanga umesambaa, maji yako mepesi tu hayana kitu. Chemsha kwenye maji machache, tambi zifunikwe tu, yatoke mazito kidogo yenye ukungu.

Na usijione mjinga maana kuna wanafizikia, Waitaliano wenyewe, walikaa wakaipima hii sosi maabara, na 2025 wakapewa Ig Nobel, ile tuzo ya utafiti unaochekesha kwanza halafu unakufikirisha. Walichoona ni kwamba wanga ukiwa chini ya asilimia 1 ya uzito wa jibini mambo yanaharibika kirahisi, ukiwa kati ya 2 na 3 sosi inatulia hata ukikosea joto kidogo. Kwahiyo ukitaka ya uhakika, chukua gramu 4 za wanga wa mahindi (ule mweupe laini kama poda) au wa viazi, koroga kwenye mililita 40 za maji, pasha mpaka iwe kama gundi laini, iache ipoe kidogo halafu changanya na pecorino gramu 160 iliyokwaruzwa laini kabisa. Hiyo inatosha tambi gramu 240. Pilipili manga ikaange kavu kwanza inukie ndo uitwange. Tambi zikiiva zima moto kabisa, zikae kama dakika moja, ndo uchanganye na sosi huku unaongeza maji ya tambi kidogo kidogo. Jiko limezimwa nimesema, sio moto mdogo, LIMEZIMWA.

Halafu jibini yako ni ya kipande au ile inayouzwa imeshakwaruzwa? Ile ya pakiti nyingi zina unga wa kuzuia isishikane na zimekauka, haiyeyuki vizuri hata ufanyeje.

Sufuria_Nyeusi

Ya pakiti dada 🙈

MamaWaMwiko

Haya sasa.

unga_na_yai

Mi nijibu hiyo q.b. maana imenichekesha. Ni kifupi cha quanto basta, yaani kiasi kitakachotosha, simu yako haijakosea hata kidogo. Maana yake mwandishi anakuachia wewe uonje. Kwenye chumvi na mafuta haina shida, weka kidogo onja ongeza. Inapouma ni kwenye unga, kwa sababu aliyeandika mkono wake umeshazoea donge linatakiwa liweje na wewe wako haujui. Tambi za kukanda nyumbani shika yai 1 kwa gramu 100 za unga ndo uanzie hapo, mayai yenyewe hayalingani ndio maana wanakuachia q.b., likinata ongeza unga kwa ncha za vidole sio kwa kiganja, halafu lifunike lipumzike nusu saa. Donge lililogoma kusukumika ukiliacha tu linalegea lenyewe bila kulifanya chochote. Gnocchi, vile vidonge vyao vya viazi, ndo usithubutu kuongeza ongeza unga, zinakuwa risasi. Pale tatizo huwa ni viazi vina maji, vichemshe na maganda yake au vioke, uviponde vikiwa bado vya moto mvuke utoke.

Peperoni pole sana 😂 kwa Kiitaliano ni pilipili hoho. Ile kali ni peperoncino. Ila kuna mtego mkubwa kuliko huo na utakukuta tu ukifika kwenye keki, neno lievito. Lievito di birra ni hamira, lievito per dolci ni bekingi pauda, na simu mara nyingi zote mbili inakuandikia hamira. Mimi nilitia hamira kwenye keki ya limau nikaiingiza oveni hapo hapo, imetoka tofali lenye harufu ya pombe. Ukiona "bustina" moja ya lievito per dolci ujue ni kipakiti cha gramu 16. Na hamira mbichi ya kipande gramu 25 unaweka ile kavu gramu 7. Ukiona "etto" ni gramu 100, due etti ni 200, usije ukaweka gramu mbili.

Nunua mizani. Kwao wanapima kwa gramu, ukianza kubahatisha na vikombe utalia kila jumapili.

polepole_jikoni

Risotto sasa. Kosa lako nimeliona mstari wa kwanza, umeosha mchele. Najua mkono unakwenda wenyewe, mchele unaoshwa bana, lakini huu ule utelezi unaoutafuta ndio huo wanga ulioumwaga kwenye sinki. Na mchele ni wa aina gani? Ukitumia ule mrefu mwembamba unaochambuka hutafika popote hata ukoroge mpaka kesho, umeumbwa usishikane. Inatakiwa arborio, carnaroli au vialone nano, punje fupi nene. Mimi napenda carnaroli kwa sababu inakusamehe, ukichelewa dakika haivurugiki, arborio ukigeuka tu imekuwa uji.

Kaanga mchele mkavu kwenye siagi au mafuta mpaka punje ziwe za moto ukizigusa, kisha supu upawa mmoja mmoja na hiyo supu iwe inachemka pembeni, sio ya baridi, kila ukimwaga ya baridi unausimamisha mchele. Dakika 16 mpaka 18 hivi. Halafu ile krimu unayoiona kwenye picha sio krimu. Unazima moto, unatia vipande vya siagi vilivyotoka kwenye friji na jibini ya parmigiano, unakoroga kwa nguvu kama dakika moja. Wenyewe wanaita mantecatura. Ukitikisa sahani mchele unatembea kama wimbi, ukikaa kilima umezidisha kukausha, ongeza supu kidogo.

Maziwa kwenye ragù ni kweli, hujadanganywa. Tarehe 17 Oktoba 1982 taasisi ya mapishi ya Italia, Accademia Italiana della Cucina, ilienda kusajili resipi ya ragù kwenye chemba ya biashara ya Bologna, na maziwa yamo. Yanapunguza ukali wa nyanya. Nyanya yenyewe ni kidogo, hiyo ni sosi ya nyama sio mchuzi wa nyanya. Kitunguu, karoti na seleri kata ndogo ndogo, vikaange taratibu mpaka vilainike, ukiviharakisha vikiungua anza upya tu. Na ragù haiivi kwa saa moja, masaa mawili ndo kima cha chini. Watu wa Bologna wako serious na haya mambo, 1972 walisajili mpaka upana wa tagliatelle, milimita 8 ikishaiva.

kijikocha3

Ona sasa mpaka tambi zina cheti cha kuzaliwa. Mimi narudi kwenye krimu yangu. Hao hao wanaosema tambi za carbonara haijawahi kuwa hivi haijawahi kuwa vile, 1954 jarida la mapishi la huko huko Italia lilichapisha carbonara yenye kitunguu saumu na jibini ya gruyère ya Uswisi. Leo ukiweka hivyo wanakutukana.

MamaWaMwiko

Hapo hujakosea, kila mtu aweke anachotaka kwenye sufuria lake. Lakini yeye hajauliza carbonara kakangu, kauliza kwa nini jibini inaganda.

Sufuria_Nyeusi

Narudi na mrejesho. Leo jumapili nimenunua pecorino ya kipande, nimekwaruza mpaka vidole, nimefanya ile ya wanga gramu 4 kama ulivyosema dada na jiko nimezima kabisa. HAIJAGANDA. Nimesimama jikoni naiangalia inavyong'aa inashika kila uzi wa tambi nikaita watu waje waone, wamekuja wamesimama na sahani.

Ila ina chumvi mpaka ulimi unawaka. Maji ya tambi niliweka chumvi gramu 10 kwa lita kama kitabu kilivyosema mbele kabisa kwa tambi zote. Wamekula lakini jagi la maji limeisha.

MamaWaMwiko

Hongera sana! Chumvi hiyo ni ya pecorino, yenyewe ina chumvi nyingi kuliko parmigiano na maji uliyatumia machache, kwa hiyo kila ulipoongeza maji uliongeza na chumvi. Wiki ijayo weka nusu yake, hata theluthi. Hiyo ndo q.b. yako.

Sufuria_Nyeusi

Sawa dada. Jumapili ijayo risotto, carnaroli nimeshaipata na naapa siioshi. Swali moja tu @polepole_jikoni, kitabu kinasema niweke divai nyeupe glasi moja baada ya kukaanga mchele na mimi divai situmii, niruke tu au kuna cha kuweka?

polepole_jikoni

Ruka, anza na supu moja kwa moja. Mwisho kabisa kamulia limau matone machache, kazi ya divai pale ilikuwa ule uchachu.