Trela, lori dogo au msafirishaji? Farasi wawili, mashindano ya Julai

SaisiWaLier
Habari za humu wakuu. Naomba ushauri, na una haraka kidogo. Bosi anataka tuwapeleke farasi wawili kwenye mashindano ya kuruka viunzi mwezi wa saba, na ameniachia mimi nipendekeze waende na nini. Njia ziko tatu: (a) trela yetu ya siku zote, (b) anunue lori dogo la tani 3.5 la farasi wawili, ameliona la mtumba hapa jirani, (c) tulipie nafasi mbili kwenye lori la msafirishaji. Ipi bora? Jumatatu nampa jibu.

MamaPunda
Bora kwa kwenda wapi, kaka? Hujasema. Kutoka hapo Lier, Ubelgiji, mpaka uwanja wa Peelbergen, Uholanzi, ni saa moja na nusu, hapo hata trela kuukuu inatosha. Kama ni Hispania, hayo ni mambo mengine. Tuambie pia umri wa farasi, uzito wao, kama wamezoea gari, na mnakaa siku ngapi.

DerevaC
Na leseni! Kabla ya farasi, leseni yako ni ipi?

BinBaraka
Pandisha ndege, mambo yaishe 😂 Sisi huku Dubai joto likianza farasi wa mabosi wanaondoka. Wanaingia kwenye boksi lao wawili au watatu, saisi, yaani mtunza farasi, anapanda nao, wanashukia Liège, pale uwanjani wana mazizi yao kabisa ya kupumzikia. Farasi wa ndege anafika hajachoka kama wa barabarani.

MamaPunda
BinBaraka, mtu yuko Ubelgiji tayari. Apande ndege Liège ashukie wapi, Antwerp?

SaisiWaLier
Samahani, nilikuwa naandika huku nafagia zizi. Ni Šamorín, Slovakia, wiki mbili mfululizo. Tukishindwa tunabaki huku huku, Peelbergen na Opglabbeek, kila baada ya mashindano tunarudi nyumbani. Leseni yangu ni B. Farasi mmoja ni jike, miaka 12, kilo kama 580, amezunguka sana. Wa pili amehasiwa, miaka 7, mrefu, kilo 640, na hajawahi kukaa ndani ya gari zaidi ya saa tatu.

MamaPunda
Kumbe swali lilikuwa nusu.

DerevaC
Sasa tuongee. Kwa leseni ya B, (a) imejifia yenyewe. Trela tupu ya farasi wawili ni kilo 850 au 900. Weka farasi wako, 1,220. Umeshapita tani mbili, na hilo gari la kuvuta lenyewe lina karibu tani mbili. Kwa trela kubwa kama hiyo, B inataka gari na trela kwa pamoja visizidi kilo 3,500. Unahitaji BE, leseni ya kuvuta trela nzito.

Hiyo (b) ndiyo inayonitia wasiwasi, maana watu wengi wanadanganyika nayo. Wanaona "unaendesha kwa B", wanalipa. Mwambie bosi asome kadi ya gari, uzito likiwa tupu. Mengi ni 2,400 mpaka 2,600. Chukua 2,500, ongeza 1,220, tayari 3,720, wakati lori na vyote vilivyomo havitakiwi kuzidi 3,500, na wewe hujakaa kwenye usukani, matandiko hayajapakiwa, maji hayajaingia. Ujerumani wakikuelekeza kwenye mizani, farasi mmoja anabaki pembeni ya barabara kuu anakutazama. Nimeyaona hayo kwa macho, mwenye farasi alikuwa analia.

Nanyuki_Juu
Mimi niko Kenya, lakini trela naijua. Tunashuka Nanyuki mpaka Jamhuri, Nairobi, kilomita kama mia mbili, na matuta yote ya Karatina. Siri ni saa. Toka saa tisa usiku. Jua likichomoza Sagana mko chini tayari. Na farasi mzito muweke kulia, usisahau.

DerevaC
Kushoto.

Nanyuki_Juu
Kulia. Mzito anakaa upande wa katikati ya barabara, kwa sababu barabara inainamia ukingoni. Ukimweka ukingoni trela inavutwa mtaroni.

DerevaC
Katikati ya barabara huku ni kushoto! Tunaendesha upande wa kulia.

BinBaraka
Semeni "upande wa dereva" mlale.

MamaPunda
Nirudi kwa (c), maana naona DerevaC anamsukuma mwenzetu huko. Mimi simpi mtu farasi kabla sijamjua dereva. Julai ya mwaka juzi, bosi niliyekuwa naye alilipia nafasi kwenye lori kubwa kwenda Italia kaskazini. Jike wetu wa kijivu, mpole kama kondoo. Walinikatalia kupanda, nikafuata nyuma na gari dogo lenye matandiko. Tulitoka saa kumi na moja alfajiri. Mchana tukakwama karibu na Karlsruhe, Ujerumani, ajali mbele, nyuzi 34, hakuna kinachosogea. Saa tatu nzima. Nikashuka, nikapita katikati ya magari kwa miguu mpaka kwenye lori, nikamwomba dereva afungue mlango wa pembeni. Nachungulia: wamefungwa kamba fupi, vichwa juu, nyavu za nyasi kavu zinaning'inia usawa wa pua. Nyasi zenyewe hazikulowekwa, farasi akivuta konzi moja vumbi linamrudia usoni. Nikasema legeza kamba jamani. Akasema akilegeza wanaumana. Maji je? "Nimewapa asubuhi."

Tulifika saa nne usiku. Saa kumi na saba njiani. Akashuka vizuri, akanywa, akala, bosi akapiga picha akaweka mtandaoni. Nikapima joto, 38.2. Kesho yake asubuhi 38.4, bado iko sawa. Jioni akaacha chakula nusu. Yule jike haachi chakula, hata ndoo tupu hulamba. Nikapima, 39.7. Nikamwona amesimama kiwiko kimetoka nje kidogo, ukimgusa mbavu anashtuka. Daktari akasikiliza kifua, akasema mapafu, hii ni homa ya safari. Siku kumi na moja kliniki, na majira yale hakuruka tena. Farasi asipoweza kuinamisha kichwa, uchafu anaovuta hautoki, unashuka mapafuni. Nililijua hilo siku zote, na bado nilirudi kwenye gari langu nikawasha redio. Hapo ndipo panaponiuma.

Nanyuki_Juu
Pole sana dada.

DerevaC
Pole MamaPunda. Lakini huyo ni dereva mmoja mbovu, usitupake sote. Sheria ya Ulaya ipo tangu 2005: safari ya kibiashara ikizidi saa 8, gari lazima liwe limekaguliwa na kuidhinishwa kwa safari ndefu.  Na mimi kila saa nne nasimama, nawapa maji, kamba nalegeza mpaka pua inafika magotini. Lier mpaka Šamorín ni kilomita kama 1,200. Usifanye kwa mkupuo mmoja, hasa na huyo wa miaka 7. Lala Bavaria, waingie mazizini, asubuhi mmalizie. Msafirishaji akikwambia anaenda moja kwa moja, tafuta mwingine.

MamaPunda
"Sheria ipo." Na foleni ya Karlsruhe nayo ilikuwepo. Wa miaka 7 ambaye hajapita saa tatu unampeleka saa kumi na sita za kazi gani? Peelbergen viunzi ni vile vile, jioni analala zizini kwake. Šamorín pazuri, sikatai, uwanja mzuri, lakini Julai pana jua la kuchoma na mbu wa mto Danube, nilirudi kutoka huko na mgongo wenye ramani.

BinBaraka
Mbu tu wanakuogopesha, MamaPunda 😂 Nanyuki_Juu, huko kwenu Kenya usubi unaua farasi kabisa.

Nanyuki_Juu
Na huo usubi ndio umetufunga. Unaeneza tauni ya farasi, na kwa sababu hiyo Ulaya hawatufungulii mlango. Mpanda farasi wetu akienda nje anapanda farasi wa kuazima. Kwa hiyo nyinyi mnaogombania kilomita 1,200 shukuruni.

DerevaC
Jambo lingine, SaisiWaLier: chanjo ya mafua. Kama ni mashindano ya FEI, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, ya mwisho iwe ndani ya miezi 6 na siku 21 kabla ya kufika, na isiwe imechomwa ndani ya siku 7 za mwisho. Angalia pasipoti za wote wawili leo, usingoje wiki ya safari.

MamaPunda
Hapo nakuunga mkono. Na kipimajoto chako mwenyewe mfukoni, usiazime cha zizi la jirani. Tangu virusi vya farasi vilivyozuka mashindanoni Valencia, Hispania, 2021, farasi walipokufa na mashindano ya nchi kumi yakafutwa, mimi napima asubuhi na jioni, kuna mashindano hakuna mashindano.

SaisiWaLier
Asanteni sana. Nimechungulia kadi ya lile lori: tupu ni kilo 2,540. Nimempigia bosi, amenyamaza kidogo, halafu akauliza kama farasi hawawezi kupunguzwa uzito. Msafirishaji mmoja ametupa bei ya euro 850 kwa farasi, kwenda tu. Pasipoti: jike sawa, wa miaka 7 alichanjwa mwezi wa kumi na mbili mwanzoni.

DerevaC
Desemba mwanzoni mpaka Julai katikati? Hesabu siku. Huyo amepitiliza.

SaisiWaLier
Nimehesabu, kweli. Daktari anakuja Alhamisi. Bosi sasa anasema labda aende jike peke yake Šamorín, mdogo abaki, lakini mke wake hataki. Wanaongea.

MamaPunda
Jike peke yake anaingia kwenye lile lori dogo bila shida. Umeona?

DerevaC
Usimfungulie bosi mlango huo. Atalinunua, halafu mwezi wa nane atataka wote wawili.

BinBaraka
Na wewe saisi, wiki mbili Slovakia unalala wapi? Bosi analipa chumba au unalala kwenye lori na ndoo?

SaisiWaLier
Hilo hatujalizungumza.

BinBaraka
Lizungumze kabla ya mizani.

Nanyuki_Juu
Na ubebe unga wako. Huko hupati ugali.

SaisiWaLier
Unga wenyewe umeniishia tangu Jumanne. Duka nililokuwa nanunua Antwerp limefungwa. Kuna mtu anajua lingine?