Uzi wa malalamiko: Timu za sekondari Tabora, acheni kumbebesha kipa magoli ya watu kumi

Wakuu,

Kila UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ikikaribia, viwanja vya shule hapa Tabora vina wimbo mmoja: "kipa katema", "kipa kauza mechi". Kijana wa kidato cha tatu anazomewa na shule yake mwenyewe, na anayeanza kumnyooshea mkono ni beki aliyemwachia mtu apige akiwa huru. Imetosha. Goli lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Hakuna mtoto anayeliziba hilo peke yake. Wenzake ndio wanaolipunguza kabla mpira haujapigwa.

Nianze na ukuta wa faulo, maana hapo ndipo penye uzembe uliokubuhu. Faulo ya katikati, kama mita 20 hivi, inataka watu 4 au 5. Ikisogea pembeni, 3. Pembeni kabisa, karibu na mstari wa mwisho wa uwanja, 2 wanatosha. Ukuta unaziba upande wa nguzo ya karibu ili kipa abaki na upande mmoja wa kulinda. Nyie mnafanyaje? Mnamwacha kipa ang'ang'anie nguzo akipima kwa jicho moja, na kabla hajarudi katikati mpigaji keshamaliza kazi. Kupima ni kazi ya mshambuliaji wenu: asimame nyuma ya mpira, aitazame nguzo, amsogeze mtu wa mwisho mpaka bega lake lizidi kidogo nje ya mstari huo, kisha aondoke. Halafu mpira ukipigwa, mtu wa pili anageuza mgongo, panaachwa uwazi, goli. Lawama kwa nani? Kwa kipa! Mpira uliopita katikati ya ukuta ni wa ukuta.

Pasi ya kurudisha nayo ni balaa. Tangu 1992 kipa haruhusiwi kudaka mpira ambao mwenzake kamrudishia kwa mguu makusudi. Beki anajua hilo, bado anaurudisha mkali, ukielekea katikati ya goli, kwenye uwanja wa Juni uliokauka kama sakafu na kujaa changarawe. Ukidunda vibaya unajiingia wenyewe. Rudisha ukitambaa chini, uelekee nje ya nguzo, upande wa mguu anaoutumia. Ukimponyoka basi iwe kona. Na ukisharudisha, funguka pembeni upokee, usimgande kumtazama.

Tena sasa kuna ile sheria ya sekunde 8 iliyoanza msimu wa 2025/26: kipa akizidisha kushika mpira, wapinzani wanapewa kona. Mwamuzi anahesabu 5 za mwisho kwa mkono juu. Kipa anadaka, anatafuta mtu, timu nzima imempa mgongo. Atamrushia nani?

Kona zenyewe ni vurugu. Akiita "kipa!" mpisheni, akiita "toa!" pigeni. Mnachofanya ni kumrundikia miili mitano ndani ya boksi dogo la mita 5.5, anagongana na beki wake, anaangusha mpira. Akipiga ngumi ukafika nje ya boksi, hakuna hata mmoja aliyewekwa pale kuuokota.

Walimu wa michezo msijifiche. Kipa anakaa mazoezi mazima bila kuguswa, kisha robo saa ya mwisho washambuliaji wote wanapanga foleni kumpigia mfululizo. Mpira wa pili unafika hajainuka. Hapo mnamfundisha kusalimu amri. Mashuti 6 mpaka 8, aruhusiwe kusimama kila shuti, apumzike dakika moja, ndipo warudi. Krosi apigiwe huku mabeki wakiwepo, maana kwenye mechi watakuwepo. Glovu ziloweshwe kidogo kabla ya mechi na zianikwe kivulini. Jua la Tabora linakausha ile raba ya viganjani mpaka inapasuka. Na kipa wa uwanja wa changarawe apewe suruali ndefu. Bila hiyo haruki, na wala si mwoga.

Jibu la 1
Mkuu umesahau nahodha. Akishinda kura ya sarafu anaweza kuchagua goli la kushambulia, ila wengi wanadaka mpira waanze tu. Uwanja ukilala mashariki na magharibi na mechi ikaanza saa kumi, kipa wenu atazame magharibi kipindi cha kwanza, jua likiwa bado juu. Kipindi cha pili linashuka usawa wa macho, liwe la kipa wa wapinzani. Ukikosea hapo, krosi za jioni haoni, na mtasema kauza.

Mleta uzi
Umenena. Na kipa akiwa na kofia kwenye begi, mwacheni aivae. Sheria inamruhusu. Juzijuzi tu kuna benchi lilikuwa linamcheka wa kwao.