Hadithi imeisha lakini sizoni haiishi: hawa watu wanatuibia muda wetu!

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa hasira na sitapunguza makali. Humu nitataja nani anakufa na mwisho unakuwaje, kwa hiyo kama Prison Break, Money Heist, Game of Thrones au Squid Game bado iko kwenye foleni yako, pita kwanza, utarudi ukimaliza.

Mimi si mchambuzi wa filamu. Ni mtu wa kawaida anayerudi kazini amechoka, anakula, anataka atazame kitu kabla hajalala. Bando nanunua kwa hela yangu, usingizi ninaoukatisha ni wangu. Na nasema hivi: watengenezaji wa sizoni wametuzoea. Wanajua tukishampenda steringi hatumwachi, basi wanatuburuza naye hata pale ambapo hadithi imekwisha kitambo.

Nianze na Prison Break, maana hiyo ndiyo iliyotuingiza wengi kwenye ulevi wa sizoni. Ile ya kwanza ya mwaka 2005 mpaka leo naiheshimu. Michael Scofield anaiba benki makusudi ili afungwe Fox River, jela aliko kaka yake Lincoln anayesubiri kuuawa kwenye kiti cha umeme. Ramani ya jela nzima kaichora mwilini kama tatuu. Mle ndani hakuna kitu cha bure. Kumbukeni ile skrubu ya kwenye benchi la uwanjani. Anaichomoa, ananyang'anywa, anahangaika mpaka anaipata tena, halafu anakaa selo anaisugua sakafuni mpaka ipate umbo analolitaka, yote hiyo afungulie choo kilichobanwa ukutani. Skrubu moja tu! Na mimi nimekaa kwenye kochi roho juu kwa ajili ya skrubu. Huko ndiko kujua kusimulia.

Wakatoroka. Sizoni ya pili ya kukimbizana na polisi naikubali, mtu akitoroka lazima atafutwe. Ilipaswa kuishia hapo. Badala yake wakampeleka Michael jela nyingine Panama, tuanze kutoroka upya. Wakatuonesha kichwa cha daktari Sara ndani ya boksi, tukaomboleza, kisha sizoni ya nne Sara huyu hapa, mzima wa afya. Mama yake Michael tuliyeambiwa tangu mwanzo ni marehemu, naye akaibuka, tena akiwa adui. Mwisho Michael mwenyewe akafa, 2009 tukaoneshwa na kaburi lake. Nikasema sawa, apumzike. Mwaka 2017 wakamfukua, wakasema yuko jela Yemen kwa jina lingine.

Watu watatu wamefufuliwa kwenye hadithi ambayo haina uchawi wala miujiza. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Ukishanifundisha kwamba wafu wanarudi, kuanzia siku hiyo hakuna risasi itakayonishtua. Umeharibu na zile episodi nzuri za nyuma, maana nikizirudia leo najua machozi yangu yalikuwa ya bure.

Money Heist ni yale yale. Kule Uhispania ilitengenezwa kwa ajili ya kituo cha Antena 3 mwaka 2017, wizi mmoja, kiwanda kimoja cha kuchapia noti, watu wamevaa ovaroli nyekundu na barakoa za sura ya mchoraji Dalí. Wakaingia, wakachapa pesa zao, wakatoka, mwenzao aitwaye Berlin akabaki nyuma akafa ili wenzake waondoke. Kwisha. Hadithi iliyokamilika, yenye mwanzo na mwisho. Netflix wakaichukua, dunia nzima ikaipenda, na kwa kuwa imependwa ikabidi watu waliokwisha tajirika, wanaokula raha zao visiwani, warudi kuiba tena. Safari hii dhahabu ya Benki Kuu ya Uhispania. Sehemu ya tatu, ya nne, ya tano, mpaka Desemba 2021, wizi ule ule mmoja! Kila Profesa, yule aliyepanga wizi wote, anapobanwa, kumbe alishalipangia hilo miaka mingi iliyopita akiwa na Berlin, na tunarudishwa nyuma kuoneshwa wakiimba na kunywa mvinyo. Sasa kama kila kitu kilishapangwa, mimi naogopa nini?

Nairobi, mmoja wa wale wezi, ndiye aliyeibeba ile tamthilia. Mwanamke mcheshi, mwenye uchungu wa mtoto aliyenyang'anywa, anaendesha mitambo ya noti kama bosi wa kweli. Wakampiga risasi ya kifua, tukahangaika naye episodi baada ya episodi, akafanyiwa upasuaji na wenzake, akaanza kupona, akatabasamu. Halafu yule mlinzi Gandía anamfumua kichwa. Ule haukuwa ujasiri wa kuandika. Ni kwamba wizi wa pili ulikuwa umeishiwa, wakahitaji kilio cha kutufanya tusubiri sehemu inayofuata. Naye Berlin, aliyekufa kishujaa, kapewa tamthilia yake kabisa mwaka 2023. Wanamkamua ng'ombe aliyekauka maziwa.

Squid Game inauma zaidi kwa sababu ile ya Septemba 2021 ilikuwa safi. Episodi 9. Gi-hun ana madeni mpaka shingoni, anacheza michezo ya watoto kwa roho yake, anashinda, na pesa zote zile hana hamu nazo. Wangeishia hapo ningeisifu mpaka kesho. Wakaleta ya pili Desemba 2024, episodi 7, na inakatika katikati ya mchezo! Uasi umeshindwa, rafiki wa Gi-hun kapigwa risasi mbele yake, maandishi yanapanda. Nusu mwaka baadaye wanatuletea 6 zilizobaki na kuziita sizoni ya tatu. Zilipigwa picha kwa pamoja, ni kitu kimoja kilichokatwa vipande viwili ili tulipie usajili mara mbili. Mwisho wake mshindi ni mtoto mchanga, Gi-hun amejirusha, na baada ya yote hayo tunapelekwa Los Angeles, mwigizaji Cate Blanchett yuko uchochoroni anampiga mtu makofi kwa mchezo ule ule wa kuanzia. Yaani hata baada ya kumuua steringi wameuacha mlango wazi.

Najua atatokea mtu aseme mbona Game of Thrones ilifupishwa na bado mkalalamika. Ndiyo, nalalamika, na nina sababu. Kosa lile lile, ila limegeuzwa. Huku wanavuta hadithi isiyo na kitu, kule walikuwa na hadithi iliyojaa wakaikimbia. Tangu dakika za kwanza kabisa, mwaka 2011, tumeoneshwa wale wafu wa kaskazini. Miaka minane tunaambiwa majira ya baridi yanakuja. Sizoni sita za episodi 10 kila moja, wakaanza kubana, ya saba 7, ya nane 6. Na ule Usiku Mrefu wenyewe, vita na wale wafu tuliyoisubiri, wakaupiga gizani mpaka nikafikiri runinga yangu imeharibika. Niliongeza mwanga mpaka mwisho, nikazima taa ya sebuleni, bado naona vivuli na kelele za farasi. Kisha yule binti Arya anaruka kutoka hewani, kisu kimoja, Mfalme wa Usiku, kiongozi wa wafu, kwisha habari, na hatukupata hata kuoneshwa vizuri alikuwa anataka nini hasa.

Episodi iliyofuata kikombe cha kahawa cha kisasa kiko mezani mbele ya malkia Daenerys, hakuna aliyekiona kabla ya kurusha! Kisha Daenerys huyo huyo aliyefungua minyororo ya watumwa anachoma jiji zima ambalo kengele zake zimeshalia kujisalimisha. Inawezekana mtu kubadilika hivyo, mimi sikatai, lakini nioneshe akibadilika. Nipe muda niumie naye. Martin aliyeandika vitabu amesema hadharani kwamba hadithi ilikuwa na uwezo wa kwenda mbele zaidi. Zaidi ya watu milioni moja walisaini ombi la kutaka sizoni ya nane itengenezwe upya. Watu wazima, wenye kazi zao. Msiwaite watoto wanaodeka, wale ni watu waliotoa muda wao kwa uaminifu wakalipwa haraka haraka kama vile wanafukuzwa dukani.

Na kuna hawa wanaokata kabisa. Waliotengeneza Dark, ile ya Wajerumani, walipanga sizoni tatu, wakafanya sizoni tatu, 2017 mpaka 2020, kila fundo likafunguliwa. Inakuumiza kichwa, unahitaji daftari la kuandika nani ni baba wa nani, lakini wanakufikisha. Watu hao hao wakaleta 1899 Novemba 2022. Meli, wahamiaji, lugha mbalimbali, siri juu ya siri, episodi ya mwisho inafungua jambo kubwa kuliko yote. Januari 2023 ikatangazwa imefutwa. Money Heist isiyo na la kusema inapewa sehemu tano, 1899 yenye la kusema inaachwa njiani. Nani anaamua haya mambo?

The Lion King nayo naipitia haraka. Ya 1994 ilikuwa dakika 88. Ya 2019 ni dakika 118, hadithi ile ile, na zile dakika 30 za ziada sikuona zimeongeza nini. Simba yule wa kuchorwa ulikuwa unauona uso wake ukivunjika baba yake alipokufa. Huyu mpya ana manyoya mazuri sana na sura kavu kama ya simba wa kwenye vipindi vya wanyama.

Sasa nije nyumbani, na hapa sitaki kusikia maneno ya "tupende vya kwetu". Navipenda, ndiyo maana nakasirika. Ule mtindo wa Bongo Movie kukata filamu moja Part 1 na Part 2 umetuumiza muda mrefu. Dakika za kwanza: gari linapiga honi getini. Mlinzi anatoka kibandani, anafungua upande mmoja, anafungua upande wa pili. Gari linaingia, linapaki. Mlango unafunguliwa, mguu unashuka. Jamaa anatembea mpaka mlangoni, anapanda ngazi zote, kamera inamsubiri, na wimbo umeshaanza upya. Anakaa kwenye kochi, dada wa kazi analeta juisi. Wanasalimiana, wanaulizana habari za nyumbani. Hapo ndipo simu inaita. Unafika mwisho wa Part 1 na jambo lililotokea ungeweza kumsimulia mtu mkiwa kwenye kituo cha daladala na gari lisijae. Tamthilia za Kituruki zinazotiwa sauti za Kiswahili nazo zina lao: mtu mmoja akisema neno zito mezani, kamera inaizungukia sura ya kila aliyekaa, mmoja baada ya mwingine, na ngoma ya huzuni chini yake.

Enzi za Lufufu, yule aliyekuwa akitusimulia filamu za nje kwa Kiswahili kwenye mabanda ya video, sehemu iliyokuwa haina maneno alikuwa anaijaza yeye mwenyewe kwa maneno yake, na banda zima linasikiliza. Alijua watu wametoa hela yao mlangoni na hatakiwi kuwaacha wakae kimya wanatazama geti likifunguliwa.

Na msinijie na hoja ya bajeti. Nairobi Half Life ya 2012 haikuwa na bajeti ya Hollywood. Mwas anatoka kijijini na ndoto ya kuigiza, anaibiwa siku ile ile anayoingia mjini, anaishia mahabusu anaamrishwa asafishe choo kichafu kuliko vyote. Kwenye kile choo, na uchafu ule, kijana anageuza kazi kuwa maigizo mpaka wahalifu wanamkubali. Hujahitaji mtu kukueleza kwamba ana kipaji, umekiona. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotoka kwenye riwaya ya Adam Shafi, ni Zanzibar ya miaka ya 1950, Yasmin anakimbia ndoa ya mzee, Denge yuko kwenye harakati dhidi ya Waingereza, na inakwisha kabla chai yako haijapoa mara ya pili. Wameweza hao, na hela zetu ni hizi hizi.

Chernobyl ya 2019 ni episodi 5. Tano tu! Wametuonesha kinu cha nyuklia kikilipuka, wazima moto wakibabuka ngozi hospitalini, wachimba migodi wakifanya kazi uchi kwa sababu ya joto, mahakama, na uongo wote wa wakubwa. Breaking Bad ni episodi 62, ndefu, lakini steringi wake Walter White anaoza mbele yako kidogo kidogo tangu ya kwanza, na mwaka 2013 ilipofika mwisho haikubaki hata deni moja. Kwa hiyo tatizo siyo urefu.

Kuanzia sasa nimeweka sharti: sianzi tamthilia yoyote mpaka nijue imekwisha, na waliokwisha kuiona wanithibitishie kwamba mwisho upo na una maana. Wale vijana wanaotuwekea kwenye flashi nao nimewaambia, mtu asinijazie "mpya kali" ambayo iko sizoni ya kwanza.

Kwa hiyo wadau, nitajieni zilizokwisha vizuri, za nchi yoyote. Andikeni jina, idadi ya sizoni na kama wafu wanabaki wamekufa. Na kama uliipenda sizoni ya tano ya Prison Break, njoo hapa unieleze kwa hoja uliipendea nini, nipo nasoma.