Acheni kumchafua Dai Davies, hakuibeba Glamorgan 1948!

Wakuu, nimechoka. Kila ukitajwa ubingwa wa Glamorgan, timu ya kriketi ya Wales, katika ligi ya kaunti 1948, hakosi mjuaji mmoja wa kudai refa aliwabeba. Refa mwenyewe ni Dai Davies, mchezaji wao wa zamani, na ushahidi wenu wote ni sentensi moja.

Stori mnaijua. Bournemouth, Agosti 1948, dhidi ya Hampshire. Johnnie Clay wa Glamorgan, mzee wa miaka 50, anarusha, mpira unamgonga Charlie Knott wa Hampshire mguuni mbele ya wiketi (zile fimbo tatu anazolinda mpigaji). Davies ananyanyua kidole, ishara ya kumtoa mpigaji, na inasimuliwa kwamba akaropoka: katoka huyo, na ubingwa tumeuchukua! "Tumeuchukua", refa! Haya, kateleza ulimi. Lakini Knott alikuwa mpigaji wa mwisho. Glamorgan walipiga inningi (zamu ya timu kupiga) moja tu, mikimbio 315, yaani pointi. Hampshire walipiga mbili, 84 na 116. Wamelala kwa inningi nzima na mikimbio 115, yaani zao mbili ukizijumlisha bado zinapungukiwa 115 na ile moja ya Glamorgan. Knott angeachwa pale, hiyo 115 mngeitoa wapi? Kubebwa gani huko?

Na hapo ndipo mnaponikera zaidi, maana huyu mtu aliishi kabla ya hicho kidole. Kazaliwa Llanelli 1896, mfanyakazi wa kiwanda cha chuma. Mwaka 1923 Glamorgan walimwita dhidi ya Northamptonshire pale Swansea. Katoka zamu kiwandani, kaenda moja kwa moja uwanjani. Kaunti yenyewe ilikuwa imepanda daraja la juu 1921, kichwa cha mwendawazimu, kila mtu anajifunzia kunyoa. Yeye akakomaa nayo hadi 1939, mikimbio zaidi ya 15,000, na wapigaji aliowatoa (wiketi) zaidi ya 270. Nani kati yenu huwa anazitaja?

Tena alicheza kama mchezaji wa kulipwa, enzi ambazo unahodha wa kaunti ulikuwa wa mabwana wasiolipwa. Vyumba vya kubadilishia nguo vilitengwa, na kwenye karatasi ya matokeo bwana herufi za mwanzo za majina yake zinatangulia jina la ukoo, wa kulipwa zinafuata nyuma. (Hadi herufi, jamani!) Upuuzi huo ulifutwa mwishoni mwa 1962. Simpondi Maurice Turnbull, nahodha wa Glamorgan tangu 1930. Yeye na Clay walihangaika hadi kuandaa madansa ya kuchangisha pesa klabu isife, na Turnbull akauawa vitani Normandy 1944. Heshima yake anayo. Davies je? Mmembakizia kidole.

England hawakuwahi kumwita kucheza Test (mechi za kimataifa), na Wales haikuwa na timu yake ya Test. Akafika huko kama mwamuzi: mechi 23, kuanzia 1947 hadi 1958. Yaani miaka kumi baada ya Bournemouth bado anakabidhiwa mechi za kimataifa. Refa wa mchongo ndiyo anaachiwa hivyo?

Mwenye kubisha aje na karatasi ya matokeo, akitufafanulia hiyo 115 kwanza.