Madoa ya kahawia kiunoni kwa nyuma, ni nini?

Jamani wana Tanga, nina madoa ya kahawia kiunoni kwa nyuma yamejichora kama wavu, hayawashi wala hayaumi. Shanga nishavua, sabuni nimebadili, wapi!

— Shoga unajikanda? Chupa ya maji ya moto ukiiweka kila mara inaichora ngozi hivyohivyo hata kama hukuungua. Acha joto, yatafifia taratibu, yaani miezi.

— Ee! Siku zangu zikifika mgongo unanikata, nalala nayo kabisa.

— Ndo hiyo basi. Mie yangu yalikuwa meupemeupe yana ungaunga, fangasi tu, na hili joto letu na jasho unategemea nini, nikapewa dawa ya kupaka. Ila doa likiwa na ganzi, ukiligusa husikii, nenda hospitali ya Bombo wakucheki ukoma, dawa bure na unapona.