Rais wa kura nyingi tu, au nusu na moja? Wana Nyanda za Juu Kusini tujadili

Mleta mada (Uyole): Ndugu zangu, kikoba chetu kilichagua mwenyekiti. Wanachama 41, wagombea watatu: mmoja kura 16, wa pili 13, wa tatu 12. Vigelegele vikaanza, mama mmoja mtu mzima akasimama: "Subirini. Sisi 25 hatukumtaka huyu." Tukarudia kwa wawili wa juu. Yule wa 13 akashinda, 23 kwa 18. Watu wale wale, saa ile ile, mwenyekiti mwingine.

Sasa tazameni nchi yetu, Tanzania. Ibara ya 41(6) ya Katiba inasema Rais ni yule aliyepata kura nyingi kuliko mgombea mwingine yeyote. Haidai nusu. Zamani ilidai, ikabadilishwa mwaka 2000. Bado haijatuuma, maana hata 2015, pamoja na ushindani ule, Magufuli alitangazwa kwa asilimia 58. Siku wagombea wanne wenye nguvu wakigawana kura je?

Sisi wa huku majirani wametutangulia. Vuka Tunduma: Zambia, 2001, Levy Mwanawasa alitangazwa Rais kwa asilimia 29, aliyemfuata 27. Watu saba katika kila kumi walichagua wengine! Mwaka 2016 wakaandika nusu na moja kwenye katiba yao. Vuka Kasumulu: Malawi, 2019, Peter Mutharika alitangazwa kwa asilimia 38 na ushee. Februari 2020 mahakama ikaufuta uchaguzi ule kwa kasoro zake, ikasema pia kwamba "wengi" maana yake ni zaidi ya nusu. Wapinzani wakaungana, na mwezi Juni Lazarus Chakwera akapata 58 na ushee.

Msimamo wangu: nusu na moja irudi, kwa Rais na kwa mbunge.

Mchangiaji (Tunduma): Mkuu, kwa Rais nipo na wewe. Kwa mbunge hapana. Duru ya pili ni karatasi upya, posho za wasimamizi upya, magari ya kupanda Umalila na Makete kwenye tope. Mvua zikishaanza mtu yuko shambani anapanda, nani atarudi kupanga foleni? Wataamua watu wa mjini.

Mchangiaji (Iringa): Kaka zangu, mnabishania kiti kimoja kimoja. Chama kinaweza kupata theluthi ya kura kila jimbo na kisiambulie hata mbunge mmoja. Hao watu wote wasemewe na nani? Mimi nataka uwiano, yaani kila chama kipate viti kulingana na kura zake. Afrika Kusini na Namibia wanachagua bunge hivyo, na hata kwetu viti maalumu vya wanawake hugawanywa kwa uwiano wa kura za vyama vilivyofikisha asilimia 5. Kwa nini hesabu hiyo iishie hapo?

Mleta mada: Dada wa Iringa, kwenye uwiano unapigia chama, na orodha ya wabunge wake hupangwa na wakubwa wa chama. Barabara ya Isyonje ikikatika, mkulima wa viazi atampigia simu nani? Mbunge wake lazima awepo. Ila umenisogeza: Lesotho wana viti 80 vya majimbo na 40 vya kufidia vyama vilivyopunjwa. Huo mchanganyiko nauunga mkono.

Kaka wa Tunduma, hoja ya mvua ni nzito, na sikuwa nimeifikiria. Ipo njia ya siku moja. Australia tangu 1918 mpiga kura anawapanga wagombea kwa namba, 1, 2, 3. Asipopatikana wa kuvuka nusu, wa mwisho anatolewa na kura zake zinakwenda kwa chaguo la pili la kila aliyempigia, hivyo hivyo mpaka mmoja avuke. Foleni ni moja tu. Ninachohofia ni kura kuharibika, kwa hiyo ningeanza na udiwani, watu wazoee.

Lakini kuna jambo hamjaligusa, na ndilo linaloniumiza zaidi. Malawi walijisahihisha kwa sababu mahakama iliruhusiwa kusikiliza. Kwetu, Tume ikishamtangaza Rais, ibara ya 41(7) inazuia mahakama yoyote kuchunguza uchaguzi wake. Mwaka 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, hapo hapo Arusha, ilisema ibara hiyo inavunja haki zilizomo kwenye Mkataba wa Afrika wa haki hizo. Nusu na moja itanisaidia nini kama siwezi kuomba ihesabiwe tena? Kikoba chetu, mtu akibisha, karatasi zinamwagwa mezani upya, mbele ya wote.